Mkono wa Salamu

Ukiisha kuisoma hadithi hii, mpelekee yeyote anayefundisha wengine, hata kama wanafunzi wake ni watoto wake tu.

Katika mji mmoja mdogo wa kusini, unaoishi kwa korosho, palikuwa na chuo cha ushonaji kilichofundisha jioni. Wanafunzi wake walikuwa wanawake wenye kazi zao mchana. Masomo yalipokwisha jua lilikuwa limeshazama, na njia ya kurudi nyumbani ilipita kando ya ghala la zamani la korosho.

Jioni moja mwanafunzi aitwaye Somoe alikamatwa na mwanamume pale ghalani. Pikipiki ilitokea, taa yake ikamshtua yule mtu, Somoe akaponyoka. Alifika nyumbani mkono umevimba na mguuni ana kiatu kimoja.

Kaka yake alisema dada yake hatakanyaga tena chuoni. Waume na baba za wengine wakasema hivyo hivyo. Mkuu wa chuo, Bi Tekla, alipita nyumba kwa nyumba kuwaomba wasubiri.

"Nipeni mpaka mwisho wa muhula," aliwaambia. "Watafundishwa kujihami. Siku ya mwisho nitawajaribu mwenyewe. Wakishindwa, darasa la jioni nalifunga."

Akamwita Mwalimu Ligola, aliyewahi kuwa bingwa wa karate wa mkoa. Ligola alikuwa mtu makini. Kabla ya kupanga mafunzo alimwita Somoe amweleze yaliyotokea.

"Alikujaje?"

"Alinisalimia kwanza, Mwalimu."

"Sawa. Baada ya hapo alikushika wapi?"

"Mkono."

"Wa kulia au wa kushoto?"

Somoe akajibu hilo, na mengine yote aliyoulizwa. Ligola alirudi nyumbani akapanga mafunzo yake kuanzia pale mkono uliposhikwa.

Masomo yalifanyika ukumbini. Viatu viliachwa nje. Wanafunzi walisimama kwa mistari juu ya mikeka, miguu mitupu. Gunia la pumba lilining'inizwa darini na kupewa jina la Adui. Palikuwa na sheria mbili: usiongee mpaka uulizwe, na kila agizo lijibiwe "Ndiyo, Mwalimu."

Mwanafunzi mmoja, Asumini, alikuwa mtu wa maneno. Siku moja alinyoosha kidole.

"Mwalimu, huyu Adui mbona hasemi kitu?"

"Maswali mwishoni," Ligola akasema.

Mwishoni kila mtu alikuwa hoi, na maswali yakaahirishwa. Ikawa hivyo kila mara.

Muhula ulipokaribia kwisha, wanawake wale walikuwa wanalipiga gunia mateke mpaka pumba zinamwagika. Somoe alikuwa na teke kali kuliko wote. Ligola hakuwa na wasiwasi.

Siku ya jaribio Bi Tekla aliwaambia neno moja tu: watoke mmoja mmoja na wafuate njia yao ya kila siku. Ligola alitangulia kwenda kujificha mbele zaidi, ukishalipita ghala, njia inapokata kona na vichaka ni vingi. Yeye mwenyewe, kama angekuwa mvamizi, angevizia hapo. Alitaka kuliona teke la Somoe.

Alingoja. Hakutokea mvamizi, wala hakupita mwanafunzi hata mmoja. Mbu walipomzidi alitoka akarudi kwa njia ile ile, na kumbe mlango wa ghala ulikuwa wazi na ndani mmewashwa taa ya chemli.

Wanafunzi wake wote walikuwa wamekaa juu ya magunia. Mbele yao palikuwa na Bi Tekla, na pembeni yake Mzee Mchopa, karani mstaafu wa posta, ambaye hakuna mtu mjini asiyemfahamu. Mzee alikuwa anatazama chini.

"Wote?" Ligola akauliza.

"Wote," Bi Tekla akasema. "Mzee alisimama pale nje. Kila mmoja amemwamkia, naye amempa mkono. Hakuuachia. Amewauliza habari za nyumbani huku anatembea, akawaingiza humu ndani mmoja baada ya mwingine. Asumini alimbebea hata fimbo."

"Alikuwa anahangaika nayo," Asumini akasema.

"Mnisamehe, wanangu," Mzee Mchopa akasema. "Nimetumwa."

Ligola aliwageukia wanafunzi. "Kwa nini hamkumpiga?"

"Tumpige Mzee Mchopa?" Wengine wakacheka.

"Basi kwa nini hamkutoa mikono yenu?"

"Ukishikwa mkono na mtu mzima unauchomoaje, Mwalimu?" Asumini akasema. "Unangoja akuachie."

Somoe alikuwa hajacheka. "Nilikwambia, Mwalimu," akasema. "Alinisalimia kwanza."

Ligola aliikumbuka siku ile. Alikumbuka pia alivyomjibu.

"Mbona hukurudia kuniambia?"

"Ulisema sawa."

Bi Tekla alichukua taa. Alisema kesho atazijulisha familia zao kwamba darasa limefungwa. Ligola akamfuata mpaka nje na kumwomba wiki chache.

"Nitawaomba mara hii tu," Bi Tekla akasema. "Sina uso wa kwenda tena."

Kesho yake Ligola aliwakusanya wanafunzi ukumbini. "Tumeanzia katikati," aliwaambia. "Kuanzia leo, mtu akikushika mkono zaidi ya salamu, mwambie akuachie. Awe mzee, awe jirani, awe nani. Msikubali tu kwa sababu mmeambiwa. Mmeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu," wakajibu kwa sauti moja.

Ligola aliwatazama walivyojipanga, mikono nyuma, hakuna anayehema kwa nguvu. Mistari hiyo aliipanga yeye. Jibu hilo aliwafundisha yeye, na walikuwa wamelifanyia mazoezi kuliko teke lolote. Akakaa chini kwenye mkeka.

"Asumini," akasema. "Yale maswali yako. Anza nayo."

Yalichukua kipindi kizima.

Baada ya hapo Ligola aliupangua mpango wake wote. Mikeka ilikunjwa na Adui akateremshwa. Wanafunzi walivaa viatu vyao vya kila siku, wakabeba vikapu vyao, na masomo yakahamia njiani kwenyewe. Mmoja alijifanya mpita njia: anasalimia, anashika mkono, anauliza habari za mama. Mwenzake kazi yake ilikuwa kusema maneno mawili: "Niachie mkono."

Haikuwa rahisi. Wengine walicheka. Wengine walinong'ona. Wengi walianza na "samahani." Asumini aliweza kumwambia mtu yeyote isipokuwa mwenye mvi, kwa hiyo wenzake walikuwa wakimpaka unga kichwani yule anayefanya naye mazoezi, mpaka akazoea.

Walipoyaweza maneno, aliwafundisha kuuchomoa mkono kwa kuupitisha pale kidole gumba kinapokutana na vingine. Kisha kukimbilia nyumba yenye taa na kumwita mwenye nyumba kwa jina. Bi Tekla alizungukia nyumba za njia ile ili wenyewe wajue kwamba wakiitwa watoke. Teke lilibaki moja tu, kisigino juu ya mguu wa mtu, nalo lilifundishwa mwisho.

"Ndiyo, Mwalimu" ilipigwa marufuku.

Siku ya jaribio la pili Mzee Mchopa alisimama tena kando ya njia, safari hii kwa kulalamika kidogo. Wanafunzi wakapita mmoja mmoja.

"Shikamoo, mzee," Asumini akasema. "Fimbo leo beba mwenyewe." Akauchomoa mkono wake akaenda zake.

Wote walipita. Somoe, ambaye nyumba yao ilikuwa ya mbali kuliko zote, ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alipokuwa bado anaagana na mzee, Bi Tekla alimwambia Ligola, "Basi. Wamefaulu."

"Bado," Ligola akasema. "Mzee walimtarajia. Amebaki mmoja ambaye hawamtarajii." Akamwinamia sikioni akamtajia jina.

"Na Somoe asipokataa?" Bi Tekla akauliza.

"Funga darasa. Litakuwa halina faida."

Ligola akashuka njiani. Somoe alikuwa anakuja anatabasamu.

"Hongera sana," Ligola akasema na kumpa mkono. "Umefanya vizuri kuliko wote. Njoo kidogo hapa ghalani, kuna kitu chako nimekiweka."

Somoe alipiga hatua pamoja naye. Akapiga ya pili. Kisha akautazama mkono wake.

"Niachie mkono, Mwalimu."

"Si ni mimi, Somoe."

"Naona ni wewe. Niachie."

Ligola hakumwachia. Somoe akachomoa mkono kama alivyofundishwa, akarudi nyuma, na kupaza sauti. "Mama Nuru! Mama Nuru, toka!"

Mlango wa nyumba ya jirani ulifunguka. Mama Nuru alitoka na mwiko wa ugali mkononi, nyuma yake mumewe na watu wa nyumba ya pili.

"Nani huyo?"

"Ni Mwalimu Ligola," Somoe akasema. Hakuishusha sauti yake. "Amenishika mkono, nimemwambia aniachie hataki."

"Mwalimu gani wa kung'ang'ania mikono ya watu?" Mama Nuru akauliza. Ligola alisimama mikono wazi, akitazamwa na watu waliokuwa wakimheshimu, mpaka Bi Tekla alipofika na kueleza.

Watu wakacheka kwa kushusha pumzi. Somoe hakucheka.

"Nilidhani ni kweli," akasema.

"Ndiyo maana sikukwambia."

"Usinifanyie tena."

"Sirudii."

Darasa la jioni halikufungwa. Siku iliyofuata kaka yake Somoe alimsindikiza mpaka mlangoni mwa chuo, akasimama kidogo, akarudi zake. Ndani wanafunzi walikuwa wamezunguka birika. Ligola akapiga makofi.

"Haya, tuanze."

"Hapana, Mwalimu," Somoe akasema. "Ngoja tumalize chai."

Wenzake wakamtazama Ligola. Ligola akavuta kiti, akakaa, akangoja.

Funzo: Aliyezoeshwa kutii kila sauti hawezi kuikataa sauti mbaya siku itakapomjia; ukitaka kumfundisha mtu kujilinda, anza kwa kumruhusu akukatalie wewe.