Kinu cha Mke wa Mtoro

"Kinu kipya huanza na pumba." Mnatazamana nini? Mmerudi kutoka shule mnamcheka mwalimu mgeni kwamba sauti ilimtetemeka, nami nikawajibu kwa neno hilo. Sasa mnataka kujua kinu kimeingiaje. Haya, kaeni vizuri, na wewe Tausi iache hiyo kamba. Methali hii chanzo chake ni nyumba moja ya hukuhuku kwetu Rufiji. Mimi nilisimuliwa na mama, nanyi nawapa kama nilivyopewa.

Watu wana maneno yao. Kitu kikiwa kipya watasema kipya kinyemi, na kikiwa kikuukuu watasema ya kale dhahabu, na kila mmoja huchagua upande. Bi Mwanaidi alikuwa wa upande wa vipya, tena sana. Kanga ikishafuliwa mara mbili alikuwa anaiona tambara. Basi mwanawe Mtoro alipomwoa Siwatu, binti wa Umatumbi kule milimani, Mwanaidi aliapa kwamba bibi harusi hatashika chombo kilichoshikwa na mtu mwingine. Akachongesha kinu cha mfenesi, kizuri, bado kinanukia mti.

Sasa sikilizeni desturi, maana bila desturi hamtaelewa. Mke mgeni akimaliza fungate hutwanga mpunga, anapika wali, na wazee wa ukoo wa mume huja kuula. Hapo ndipo anapokubaliwa. Na mpaka mama mkwe ampe kanga ya kumfungua kinywa, mke mgeni hasemi neno la kumpinga. Akiambiwa jua linatoka magharibi, anaitika "Ndiyo, mama."

Siku ilipofika, Siwatu aliingiza mkono ndani ya kile kinu akakuta kinanata utomvu. Kwao walikuwa wakitwanga mtama, na vinu alivijua tangu utotoni. Alijua kwamba kinu kibichi hivyo hakipewi nafaka. Alimtazama mkwewe. Mwanaidi, ambaye akili yake yote ilikuwa kwa wageni, akamwambia atwange, wazee wako njiani. Masikini, angefanya nini? Akatwanga.

Wali ukatoka wa manjano, mchungu, na ukiutafuna unakutana na chembe za mti. Wazee walikula tonge moja moja, wakanawa, wakasema walikuwa wamekula makwao. Ninyi mnacheka, lakini kwa mwenye nyumba aibu kubwa kuliko hiyo hakuna. Mwanaidi hakukiangalia kinu hata kidogo, maana kinu kilikuwa kipya, na kwake kipya hakikosei. Alisema mkono wa mlimani haujui mpunga, akamwamuru Mtoro amrudishe mkewe kwao akafundishwe.

Kila mtu alijua maana yake. Anayerudishwa kufundishwa huwa haji tena. Na Siwatu alimpenda Mtoro, nikisema alimpenda mjue alimpenda kweli, na baba yake alikuwa ameshajisifia kijiji kizima kwamba binti kapata nyumba njema. Angerudi kwa uso gani? Mtoro naye alijaribu kumwombea kwa mama yake, akakatwa kauli, akabaki kuinamisha kichwa.

Asubuhi Siwatu alifunga kifurushi chake akatoka uani kuaga. Mwanaidi alikuwa mkali, lakini dhuluma hakuipenda. Aliingia ndani akatoka na kanga ya kufungua kinywa.

"Chukua," alisema. "Ni haki yako. Usije ukasema kwetu ulinyimwa."

Siwatu aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Ahsante, mama. Kama kinywa changu kimefunguliwa, naomba niseme neno moja."

"Sema."

"Kile kinu msikitupe, hakina kosa. Ni kipya tu. Kinu kipya huanza na pumba, mama, hutwangwa pumba mpaka utomvu uishe, ndipo kikapewa mpunga. Sisi tumekianzia na wali wa wazee." Hapo machozi yakamlenga. "Na mimi ni mpya, mama. Nami nimeanziwa hapohapo."

Mwanaidi alikiendea kinu, akapitisha kidole ndani, akakilamba, akatema. Halafu akauliza kwa sauti ndogo:

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mama, na kinywa kilikuwa bado kimefungwa?"

Mwanaidi alikwenda ghalani akarudi na ungo uliojaa pumba, akazimimina kinuni, akaleta michi miwili na mmoja akampa mkwewe. Wakatwanga wakipokezana, huyu akishusha huyu anainua. Pumba zikageuka manjano, wakazimwaga, wakatia nyingine. Mtoro alikichukua kile kifurushi akakirudisha ndani bila kutumwa na mtu, na mama yake akajifanya hakumwona.

Walifanya hivyo siku baada ya siku mpaka pumba zikawa zinatoka kama zilivyoingia. Ndipo wazee wakaitwa tena. Walikuja shingo upande, lakini walipoonja walikula mpaka ukoko wakauulizia. Mmoja wao, mtani wa Mwanaidi, akasema kwa sauti, "Shemeji, umefanya vyema kuleta mke mwingine. Yule wa kwanza alitaka kutuua."

Mwanaidi angeweza kucheka tu yakapita. Lakini alimshika Siwatu mkono, akamsimamisha mbele yao.

"Mke ni yuleyule," alisema, "na kinu ni kilekile. Mwenye kosa ni mimi. Kinu kipya huanza na pumba."