Mkono wa Bi Siwatu

Tegeni masikio, kisha mnisaidie kuamua.

Huko Muheza aliishi mjane, Bi Siwatu. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia, na tangu mumewe afariki, siku nzima iliweza kupita bila mtu kulitaja jina lake. Asubuhi alitoa vikombe viwili kwa mazoea, kisha akakirudisha kimoja kabatini.

Binti yake Riziki, mwalimu huko Mtwara, alimtumia mashine ya kukamulia machungwa, ile ya chuma yenye mpini wa kuvuta chini. "Daktari alisema mkono upewe kazi, mama," alimwambia kwenye simu. "Kamua kila siku, hata moja."

Bi Siwatu akauvuta mpini kwa mkono ule mgonjwa. Haukushuka. Akalia, na hapakuwa na wa kumuuliza analilia nini.

Kilio kikasikika nje. Kidawa, fundi wa kuchomelea vyuma, msichana aliyelelewa bila wazazi, akabisha hodi. Akaipeleka mashine karakanani kwake, akaurefusha mpini kwa kipande cha bomba. "Jaribu sasa, bibi. Usitumie nguvu, egemea tu." Mpini ukashuka.

Lakini machungwa yenyewe? Mzee Mhina, jirani aliyefiwa na mke, alimletea kikapu kutoka shambani kwake kila asubuhi kwa miezi saba, mvua au jua. Hakukaa hata siku moja. Aliweka kikapu kizingitini, akasalimu, akaenda zake.

Nusu chungwa, mpini chini, maji ndani ya bilauri. Tena, na tena. Siku moja vidole vikakunjika vyenyewe. Ilipotimia miezi saba, Bi Siwatu akasuka nywele zake kwa mikono miwili.

Riziki akapiga simu: "Mama, sasa unaweza kusafiri. Njoo tuishi wote. Huku sina mtu."

Kidawa akaja: "Bibi, nimepata kazi Singida. Twende ukawe mama yangu. Sijawahi kuwa naye."

Kesho yake Mzee Mhina hakuondoka kizingitini. Alivua kofia. "Bi Siwatu, nyumba yangu ina vyumba vinne, na sauti ni yangu tu. Nimekuja kuposa."

Bi Siwatu alifunga mlango, akaketi. Miaka mitatu ya ujane hakutakiwa na yeyote. Leo, amjibu yeyote ndiyo, wawili watabaki wanakula peke yao.

Riziki alileta mashine, Kidawa akaiwezesha, Mhina akailisha. Je, nyinyi mnaonisikiliza, mngempeleka nyumba ya nani?