Tangi la Bi Tatu

Mwosha mno hufuga maji. Juzi mlimsikia fundi cherehani akimwambia hivyo binti aliyerudisha gauni mara ya nne lipunguzwe tena, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maji na gauni vina undugu gani. Havina. Methali hii ilizaliwa Muheza, nyumbani kwa Bi Tatu Mbelwa, na ilikuwa hivi.

Bi Tatu alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini ya kusafisha wodi za hospitali. Doa kwake lilikuwa adui. Majirani walimtania kwamba hata kuku wake hufuta miguu kabla ya kuingia bandani. Mumewe, Mzee Shemboko, alikuwa mlinzi wa banio la maji huko juu milimani Amani. Kazi yake ilikuwa kuondoa majani kwenye chujio, na muda uliobaki alikaa kando ya kijito akiwatazama uduvi, wale kamba wadogo wa maji baridi, wakidonadona mawe.

Kisha mzee akapatwa na kiharusi. Aliletwa mjini upande mmoja wa mwili umelala, akawekwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha. Kusema aliweza, lakini aliacha kusema. Chakula alirudisha nusu. Bi Tatu aliona mume anampotea naye amekaa pale pale mbele yake, na hilo lilimtia hofu kuliko ugonjwa wenyewe.

Ndipo akaamua kwamba kama mzee hawezi kwenda kijitoni, kijito kije kwake. Shemeji yake Ngoda, fundi wa kufuga samaki, akaleta tangi la kioo la kuingia ndoo mbili. Hakuleta pampu wala waya wa umeme. Alitandaza udongo chini, akaufunika kwa mchanga, akapanda majani ya majini kwa wingi, kisha akamimina maji ya mvua polepole juu ya sahani ili udongo usitibuke. Akaagiza tangi liachwe wiki sita hadi maji yakomae, lisioshwe, na maji yakipungua yaongezwe ya mvua. Wiki sita zilipotimia akatia uduvi ishirini.

Mzee akakigeuza kiti chake mwenyewe, kwa ule mguu mzima. Alikuwa akitazama tangi tangu chai ya asubuhi hadi adhuhuri, na haukupita muda akamaliza ugali wake wote. Bi Tatu akaingia jikoni akalia kwa furaha.

Lakini kioo nacho kikaanza kuota ukoga wa kijani. Bi Tatu akajikaza, akapita akiangalia pembeni. Ikakaribia Idi, na mnajua desturi: vyombo vyote hutolewa uani vikasuguliwa kwa jivu. Tangi nalo si chombo? Aliwahamishia uduvi kwenye bakuli, akamwaga udongo, akasugua kioo hadi kikalia, akauosha mchanga mara nne na kuyafuta majani moja moja kwa kitambaa. Akajaza maji ya bomba, yale yenye dawa, akawarudisha uduvi. Usiku ule alilala ameridhika.

Asubuhi uduvi wote walikuwa wamelala juu ya mchanga, wekundu kama waliopikwa. Mzee ndiye aliyewaona kwanza. Bi Tatu alipoingia na ndoo yake, akamsikia akiita, kwa ulimi mzito.

"Bi Tatu. Ule ukoga ndio uliokuwa chakula chao."

"Nilitaka wakae pasafi, bwana."

"Miaka yote niliyokaa kijitoni sikumwona mtu akiosha mawe." Akakusanya pumzi. "Na mimi waniosha vivyo hivyo. Waniogesha, wabadilisha shuka, wanikata kucha, kisha waenda kupiga deki. Tangu nije hapa hujakaa nami hata siku moja."

Maneno hayo yalikuwa kweli, na yalimuuma Bi Tatu. Alijua kwamba alikuwa akiosha ili asikae, maana akikaa angeutazama ule upande uliolala, na alikuwa akiuogopa. Akaitua ndoo. Akavuta kigoda, akaushika mkono wa mumewe, ule usiosikia kitu.

Ngoda alikuja kulipanda tangi upya, na safari hii zile wiki sita hazikuwa na cha kutazama ila maji na majani, wakawa kama wanaofuga maji. Walikaa hivyo hivyo wawili kila asubuhi. Mzee akamsimulia kijito chake, jiwe kwa jiwe, mambo ambayo hakupata kumwambia katika miaka yote ya ndoa yao. Uduvi wapya walipotiwa, walikuta kioo kimeshaota kijani, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wamezaana hata hawahesabiki.

Wageni walipofika walishangaa. Katika nyumba safi kuliko zote mtaani, kitu kimoja tu kilikuwa na uchafu, na mwenye nyumba amekaa karibu nacho. Kuna aliyejitolea amsaidie kukisugua. Bi Tatu akamjibu bila kunyanyuka kwenye kigoda, wala kuuachia mkono wa mzee:

"Kiache, mwanangu. Mwosha mno hufuga maji."