Nimekula, Nesi

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana simu zilikuwapo na mtandao ulikatika kama unavyokatika leo, aliishi Tukuyu msichana aitwaye Sekela. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mnene, mcheshi, mpenda chapati za mama yake. Mama huyo alikuwa na kibanda cha chai karibu na stendi. Baba hakuwapo. Kisukari kilimwanzia kwenye kidole cha mguu, kikapanda, kikammaliza.

Siku moja wahudumu wa afya walifika shuleni kupima wanafunzi. Nesi aitwaye Anyimike akamweka Sekela kando.

"Sukari yako imeanza kupanda," alimwambia. "Hujawa mgonjwa bado. Ukipunguza uzito taratibu, utaikwepa."

Sekela alisikia neno moja tu: sukari. Akauona mguu wa baba.

Nesi akawa anamtumia ujumbe kila asubuhi. "Kula ushibe, punguza mafuta na soda. Tembea. Jioni niambie umekula nini." Sekela akatii. Alitembea na rafiki yake Bupe, akajibu kila jioni, uzito ukashuka kidogo. Nesi akaandika, "Hongera."

Kisha uzito ukagoma. Akapanda mizani, haukushuka. Akapanda tena, haukushuka. Nesi, akitaka kumtia moyo, akaandika: "Usilegee. Kumbuka yaliyompata baba yako."

Sekela aliusoma ujumbe ule tena na tena. Tangu hapo akaacha kula.

Nesi akiuliza, alijibu: "Nimekula, nesi. Ugali kidogo na mboga." Mama akiuliza, alijibu: "Nimekula kwa akina Bupe." Bupe akiuliza, alimsukumia chakula chake chote.

"Nitamwambia mama yako," Bupe alisema.

"Ukisema, mimi na wewe basi."

Bupe akaificha siri, na kila siku aliogopa zaidi.

Mama naye aliona. Gauni lilipwaya. Mikono ya binti ilikuwa ya baridi hata mbele ya jiko. Alipohoji, Sekela alimwonyesha simu: "Nesi ndiye anayeniongoza, mama." Mama hakujua kusoma. Wateja walisema binti amependeza. Akaacha kuhoji, lakini usingizi ukampaa. Asubuhi moja ya mvua akakifunga kibanda, akamfuata mwanawe kwa mbali.

Sekela na Bupe walikuwa wakikatisha shamba la chai kwenda shule. Katikati ya mteremko Sekela alisimama.

"Bupe, mbona giza?"

Akaanguka. Bupe alimwita, hakuitika. Alimtikisa, hakuitika. Akaitoa simu mfukoni mwa Sekela, akampigia nesi, mtandao ukakataa. Akaandika: "Mimi ni Bupe. Sekela hali chakula, amekuwa akikudanganya. Ameanguka shamba la chai, njia ya shule. Anapumua kwa shida." Ujumbe ulikwama, ukakwama, ukaenda.

Mama akatokea kwenye mvua. Alimbeba Sekela mgongoni kama mtoto mchanga, akaupanda mteremko wa matope, akiteleza, akiinuka. "Usilale, mwanangu. Niambie chochote." Mwana hasemi. Walipofika barabarani, nesi alikuwa tayari amewasili na gari la zahanati. Akamtundikia dripu mle mle garini.

"Mngechelewa kidogo," daktari aliwaambia hospitalini, "tungekuwa tunaongea mengine."

Sekela alizinduka, ila hofu haikumtoka. Aliletewa uji, akauogopa uji. Daktari akaketi kando ya kitanda.

"Uongo wako ulipita kwa sababu uliugawa," alisema. "Nesi kipande chake, mama chake, rafiki chake. Sasa chagua mtu mmoja. Kila siku umwambie kweli kwa simu: nimekula, au sijala. Ila ujue, huyo akikosea, hakuna wa pili wa kushtuka."

Nesi Anyimike akasema: "Nichague mimi. Maneno yangu ndiyo yaliyokutisha, sikatai. Lakini naujua ugonjwa huu na tiba yake, na nilipoitwa sikukawia."

Bupe akasema: "Nichague mimi. Niliificha siri mpaka ukaanguka, ni kweli. Lakini mimi ndiye ninayekuona ukila na usipokula, na nilikubali kuupoteza urafiki wako ili uishi."

Mama akasema: "Nilisikiliza sifa za watu, nikauacha moyo wangu. Na kusoma sijui. Lakini nipigie, nisikie sauti yako. Sauti yako naijua tangu hujajua kusema, na mgongo uliokubeba ni huu."

Sekela alimtazama huyu, akamtazama yule, akamtazama wa tatu. Kila mmoja alikuwa na kosa. Na bila yeyote kati yao, asingekuwa hai. Simu ilikuwa mkononi. Uji ulikuwa unapoa.

Nanyi mnaonisikiliza, msinijibu kwa haraka, maana akichagua vibaya, njia ya shamba la chai ingalipo. Je, nani alistahili kuambiwa ukweli?