Fisi Alivyomheshimu Bibi Pundamilia

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakisalimiana kabla ya kulana, ukame uliingia mbugani ukakataa kutoka. Dimbwi la mwisho lilikaribia kuwa tope. Simba, ambaye hakuwahi kusema neno bila kwanza kutikisa manyoya ya shingo, akatangaza: "Mwezi ukiandama tunahamia mtoni, ng'ambo ya Kilima cha Mawe. Mfalme hangoji mtu. Atakayeshindwa kupanda, shauri yake."

Bibi Pundamilia aliposikia hivyo, aliogopa. Tangu meno yaanze kulegea, kazi yake ilikuwa kulala tu. Mapaja yalikuwa yamesinyaa, tumbo limening'inia, na kila akila alipata usingizi badala ya nguvu. Wajukuu wake wote wangehama. Yeye je?

Hapo akatokea Fisi, adabu zimemjaa mpaka mkiani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Aa, usiinuke! Mtu mzima hahangaiki wakati sisi vijana tupo. Majani nitakuletea, maji nitakuletea. Wewe keti tu."

Kwa desturi ya mbuga ile, kumwinua mzee aliyeketi kulikuwa ni utovu wa adabu. Tena Bibi alikuwa amesahauliwa siku nyingi, na heshima ilimkolea. Akaketi. Siku ya kumi alijaribu kusimama, magoti yakagoma. Fisi alimtazama paja, akameza mate.

Sungura alipita siku hiyo hiyo. "Bibi, tangu lini Fisi akampa mtu chakula? Anakunenepesha. Wenzako wakihama, mtabaki wawili tu, wewe na yeye."

Bibi akayatazama magoti yake. "Sasa nifanyeje? Uzee umeshanikamata."

"Shikamoo, na uinuke!"

Hakuwa na adabu kabisa yule Sungura. Alimtekenya, akamtania, akamzomea, mpaka Bibi akasimama ili apate kumpiga teke. Siku chache za mwanzo walizunguka kichuguu kikubwa cha jirani kwa kutembea. Kisha Sungura akasema: "Sasa panda kichuguu hiki kwa mbio zako zote, mpaka ushindwe hata kunitajia jina lako. Halafu shuka polepole, vuta pumzi, upande tena."

"Mara ngapi?"

"Mara nne. Kesho utapumzika, keshokutwa tunarudia."

Siku ya kwanza alipanda mara moja tu, akamtukana Sungura na ukoo wake wote.

Fisi akaja juu. "We Sungura! Mbona unamtesa bibi yangu?"

Sungura akamvuta pembeni. "Mjinga wewe! Nyama ya mzee ni ngumu, itakung'oa meno. Mwache akimbie, ilainike."

Fisi akafikiri, au alidhani anafikiri. Tangu hapo alikaa chini ya kichuguu na mzoga mbele yake, maana ukame kwa wengine ni njaa, kwa Fisi ni karamu. Akawa anatafuna huku akipiga kelele: "Kaza, bibi! Moja tena! Usimwonee huruma, Sungura!"

Bibi alikuwa amesikia kila neno walilonong'onezana. Alipanda kwa hasira, na hasira ilimsaidia sana. Kabla mwezi haujaandama, mapaja yalianza kujaa, na majani yaliyokuwa yakimlaza sasa yalimchangamsha. Asubuhi moja alijikuta akicheka peke yake. Alifurahi tu kwamba ana miguu.

Siku ya safari Fisi alingoja msafara mzima upande, Bibi akiwa wa mwisho. Akajilamba midomo.

"Shikamoo, bibi. Leo ndiyo leo."

"Marahaba. Haya, nikamate."

Bibi akatimka. Alikimbia mpaka mwamba wa kwanza, akatembea hatua chache akivuta pumzi, kisha akatimka tena. Fisi alimfuata, tumbo likigonga mawe. Kwenye mwamba wa kwanza aliona nyota mchana. Kwenye wa pili miguu ilimsaliti, akabingirika mpaka chini na kunasa kwenye miiba ya mgunga.

"Bibi, nisaidie! Nimekwisha!"

Bibi alimsikia, lakini hakugeuka. Pumzi yake ilikuwa na kazi nyingine.

Karibu na kilele alimpita Simba, ameketi juu ya jiwe, ulimi nje.

"Umechoka, mfalme?"

"Mfalme hachoki," Simba akahema. "Natazama mandhari."

Fisi alipojinasua, mizoga ilikuwa imekwisha na mbuga haina hata panya. Njaa ikamkondesha mpaka mbavu zikahesabika. Ng'ambo ya kilima, Bibi alikunywa maji akashiba, wajukuu wakimgombania kila mmoja akitaka kulala ubavuni mwake. Kweli, mchumia juani hulia kivulini.