Wavu Aliokalia Shangazi Nyanjiga

"Wavu wa macho madogo hauoni mwakani." Mmemsikia mwenyekiti akisema hivyo kikaoni leo, nanyi mmeniuliza methali hii imetoka wapi. Ilianzia kwetu, kwa shangazi yangu Nyanjiga.

Shangazi alikuwa haoni tangu usichana wake, lakini hapa mwaloni, wavuvi wanaposhusha samaki, hapakuwa na mshonaji wa nyavu aliyemfikia. Tundu la wavu, ambalo wavuvi huliita jicho, alilipima kwa vidole na hakukosea. Mumewe, Bwire, alimtolea miiba ya samaki kila mlo, mpaka wazee wenzake wakawa wanamcheka.

Mwaka mmoja Bwire alikata leseni ya uvuvi kwa mara ya kwanza. Aliitia kwenye kifuko cha nailoni akaivaa shingoni. Kisha akanunua wavu mpya. Shangazi aliupapasa, akajaribu kupitisha kidole.

"Baba Magesa, jicho hili halipitishi hata kidole changu cha mwisho. Sheria haiutaki wavu huu."

"Leseni ninayo," Bwire akajibu.

"Leseni imekuruhusu wewe. Wavu haijauruhusu."

Bwire hakusikia. Siku tatu alivua kwa wavu ule, akirudi na vitoto vya sato visivyojaa kiganja. Siku ya nne, Bwana Samaki, yaani afisa uvuvi, akaja kukagua. Jina lake Lukonge. Bwire alikimbia nyumbani, akaukunja wavu, akatandika khanga juu yake, akamketisha mkewe hapo.

"Usiinuke, Mama Magesa. Wakiuona, leseni imekwenda."

Lukonge alifika, akaiangalia leseni, akaridhika. Kisha akamgeukia shangazi, maana sifa zake alizijua.

"Shikamoo, bibi. Wavu wa mzee umeupima?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeupima." Kisha akanyoosha mkono. "Nishike, niinuke."

Lukonge akamwinua; shangazi akaifunua khanga. Bwire aliinamisha kichwa.

"Huyu ni mume wangu, na ni mtu mwema," shangazi akasema. "Alidhani leseni inatosha. Lakini wavu wa macho madogo hauoni mwakani. Unazoa leo watoto ambao mwakani wangekuwa samaki. Nami nataka huyu mzee avue na mwakani."

Wavu ulichukuliwa ukateketezwa. Lakini kwa kuwa ulitolewa kwa hiari, Bwire alionywa tu, akaachiwa leseni yake.

Alinuna sana. "Umenivua nguo mbele ya mgeni," alimwambia mkewe. Shangazi hakubishana naye. Alikaa barazani akaanza kusuka wavu mwingine, wa macho yanayokubalika. Kila mara aliita, "Baba Magesa, njoo unishikie uzi." Siku ya kwanza Bwire hakuja. Siku ya pili alipita tu, akikohoa. Siku ya tatu akaketi kando yake, akaushika uzi, wala hakuuachia mpaka wavu ulipokwisha.

Mwaka uliofuata kijana mmoja alikuja kumwonyesha Bwire leseni yake mpya, pamoja na wavu alioupata kwa bei rahisi. Bwire hakuitazama leseni. Alifumba macho, akaupapasa wavu taratibu kwa vidole, kama mkewe.

"Rudisha ulikoutoa, mwanangu," akamwambia. "Wavu wa macho madogo hauoni mwakani."