Mnong'ono Nyuma ya Fidla

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana watu walikwishaanza kutembea na masikio yaliyozibwa, palikuwa na mwimbaji wa taarabu, Bi Kidawa. Alimzika mwanawe wa pekee, Raya, na baada ya msiba masikio yake mwenyewe yakawa mazito. Kilichobaki cha Raya ni wimbo mmoja waliorekodi pamoja, na mama hausikii.

Akatangaza mbele ya watu: "Atakayenirudishia sauti ya mwanangu nzima, lisipotee hata neno, nitampa ufunguo wa karakana ya marehemu mume wangu."

Wakajitokeza watatu, wote wamefunzwa ufundi humo humo.

Machano, aliyepiga fidla siku ya kurekodi, alitengeneza vispika vya kuchomeka masikioni, kila upande spika moja tu. Alisema mtu huimba kwa koo moja, basi na asikike kwa spika moja. Shaame akamcheka. Yeye kila upande alitia spika nne: moja ya besi, mbili za sauti za kati, moja ya sauti nyembamba. Alisema mpishi mmoja hasongi ugali na kukaanga samaki kwa mkono mmoja. Mize hakutengeneza spika. Alichukua umbo la sikio la Bi Kidawa, akafinyanga mpira wa kuliziba sawasawa, maana sikio lisipozibwa besi yote humwagika nje, spika ziwe moja au mia. Vispika vya wote wawili vikavishwa mpira huo.

Bi Kidawa akaanza na vya Machano. Akamsikia Raya, karibu, kama anaimba jikoni. Mama akalia, akacheka, akamwita Machano mwanangu.

Kisha akatia vya Shaame. Kila sauti ikakaa mahali pake, fidla huku, dumbaki kule. Na nyuma ya fidla ukaja mnong'ono: "Mama, kifua kinanibana. Tupumzike."

Na sauti ya Bi Kidawa mwenyewe ikajibu: "Ubeti haukatwi. Maliza."

Ndiyo desturi ya kikundi chao, ubeti ukianza haukatwi, hata paa liungue. Raya aliumaliza. Wiki ile ile wakamzika, na mama akayasahau maneno yale, au alijisahaulisha, Mungu ndiye ajuaye.

Bi Kidawa akavichomoa vispika. Safari hii hakulia. Akamwuliza Machano kama alijua. Machano akamsogelea sikioni.

"Nilijua, Bi. Ndiyo maana nikatia spika moja, nikaipunguza makali ili mnong'ono uzame. Umekosa neno, umempata mtoto."

Shaame akasema, "Mimi sikuwapo siku hiyo. Uliagiza lisipotee hata neno, nami nimekuletea ulichoagiza."

Mize alikumbusha kwanza kwamba bila mpira wake wangekuwa wanauimbia ukuta. Kisha akainamisha kichwa. "Vya Shaame nilivijaribu kabla yako, Bi. Niliusikia. Nikaona si haki yangu kukuchagulia la kusikia, nikanyamaza."

Bi Kidawa ameukumbatia ufunguo, hamtazami yeyote kati yao. Lakini aliahidi mbele ya watu, na ahadi ni deni. Nanyi mnaopenda kusema ukweli ni dawa, mtazameni kwanza mama huyu usoni, ndipo mniambie: je, katika watatu hawa, nani alistahili ufunguo?